Risiti ya Bodi Kumi na Moja

Andika silingibodi, alisema Gwamaka,
nami nimeinamia kitabu cha risiti, kalamu imegoma kwa baridi.
Nikamuuliza: unapiga dari?
Hapana. Naweka ukuta.
Basi hiyo si silingi, kaka.
Akacheka puani: Dada, bodi ni bodi.
Ikilala juu ni silingi, ikisimama
ni silingi iliyoamka.

Miaka tisa nauza vifaa hapa Tukuyu, chini kidogo ya stendi,
na jina la kitu hiki sijapata kulisikia likitulia mahali pamoja.
Wa Kiwira huita jipsamu.
Wa Masoko husema hadibodi,
ingawa hadibodi ni nyingine, ile ya kahawia, ya mgongo wa kabati.
Mwalimu mmoja aliniomba zile nyeupe za benki;
nikamwelewa, nikamfungia nne.
Fundi Mwasulama peke yake husema patisheni,
lakini hilo si jina la bodi, ni jina la kazi yake,
sawa na kumwita ng'ombe maziwa.

Ukiniuliza mimi, nitakuvunjia kipande:
unga wa jiwe uliolala kati ya karatasi mbili.
Hakuna zaidi. Kisu kinakata karatasi, goti linamaliza.
Na haipendi maji.
Hilo nawaambia wote, katika mji huu
ambao mvua haijui kuaga,
na wote wanaitikia, na wote wananunua.

Niliandika: bodi 11. Kalipia saba.

Mwezi wa nne nikaenda Katumba kudai nne.
Nikakuta sebule ya marehemu mzee imekatwa katikati,
dirisha moja limegawanywa,
vioo viwili kwa Gwamaka, viwili kwa Ambilikile,
mlango mpya umetobolewa upande wa migomba.
Waligombania parachichi:
nani alipokea fedha ya mnunuzi, nani alisaini.
Sikuuliza. Mdai haulizi kupita deni lake.

Bibi Tupokigwe alikuwa upande wa Gwamaka,
ameketi kigodani, mgongo umegusa bodi.
Wewe ndiye uliyeuza hiki, mwanangu? Kinaitwaje?
Nikafungua mdomo.
Majina yote manne yakasukumana mlangoni,
halikutoka hata moja.

Baba yangu, akasema, alijenga kwa mianzi na udongo.
Tulikiita kiambaza, na kiambaza kilikuwa na uzito:
ukikiegemea, nacho kinakuegemea.
Hiki ukikiegemea kinasikiliza.

Akagonga kwa kifundo cha kidole:
tupu, tupu, tupu,
kisha du. Hapo pana mbao.
Na pale pale penye du, kutoka ng'ambo,
mtu akakohoa, akagonga mara moja.
Ndivyo anavyonijulisha kwamba amekula, akasema bibi.
Gwamaka alikuwa anahesabu noti. Hakuinua uso,
ila kidole gumba kilisimama juu ya elfu tano
kikakaa hapo.

Chini, karibu na sakafu, bodi ilikwisha kunywa.
Karatasi imevimba kama shavu la mwenye jino,
unga unamwagika kidogo kidogo juu ya mkeka,
pande zote mbili, nadhani,
maana mvua haikusaini popote.

Nikapokea ya bodi tatu. Moja nikaisamehe, sijui kwa nini;
mume wangu angejua, angenigombeza.
Kwenye risiti pana mstari wa maelezo ya bidhaa.
Nikaandika jipsamu, nikafuta.
Nikaandika silingi, nikafuta, karatasi ikaanza kutoboka.
Mwisho nikaandika: kitu cha kusimama katikati. Kisilowe.

Gwamaka akaisoma polepole,
akaikunja mara nne,
akaitia mfuko wa shati.
Juu ya mabati ilikuwa inaanza tena.