Fundi Bomba Asomewa Majibu

Miaka thelathini na miwili nimelala kifudifudi
kwenye matope ya Tukuyu, mkono mtaroni hadi kwapa,
nikipapasa mahali maji yanapotorokea.
Mwezi uliopita, kule Mbeya, daktari kijana,
ndevu zake hazijakubaliana bado,
alivaa glovu akanipapasa mimi.

Leo amegeuza bahasha ya majibu,
akachora kwa kalamu ya bluu kibofu, mrija,
na tezi imeukumbatia mrija
kama mpira wa koki.
Nikamwambia, mchoro huo naujua, baba.
Hapo ndipo panapovuja siku zote.

Akacheka kidogo. Akaacha kucheka.
"Iko ndani ya ganda lake, haijatoka.
Una bahati, mzee Asajile, una muda wa kuchagua."
Bahati gani hii inayokuja na karatasi ya kusaini?

Wakikata, wanaitoa tezi yote, wanaunga mrija upya.
Muunga mirija namheshimu, ila namjua:
atasema imeshika, na mimi nitatazama chini.
Miezi ya kuvuja ukikohoa, ukinyanyua mkungu,
na mishipa miembamba ya pembeni, ile ya mambo ya chumbani,
ikiguswa huweza kulala isiamke.

Mionzi haina kisu. Lakini ni Dar, wiki kwa wiki,
kwa shemeji Kimara, na mimi ni mtu wa ukungu.
Mkojo kuunguza, choo cha mbiombio,
na nguvu zile zile kuondoka taratibu,
kama mgeni asiyeaga.

"Au tuilinde," akasema. "Ni ndogo, ni ya polepole.
Damu kila baada ya miezi michache, na baadaye kipande cha nyama tena.
Si kupuuza. Ikisogea tu, tunaingia."
Nikauliza sindano za homoni, nimesikia watu.
Akasema hizo si za hatua yangu.
Nikashukuru, sijui nilimshukuru nani.

Nilipita Kiwira kwa kaka Anyelwisye.
Walimkata mwaka juzi. Alinimiminia chai, akafunga mlango:
"Mwaka wa kwanza nilivaa pedi za binti yangu.
Sasa ni nikipiga chafya tu.
Lakini ningerudia, mdogo wangu. Ya kwangu ilikuwa kali.
Usichukue dawa yangu kwa ugonjwa wako."

Nyumbani mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa imehamia.
Tusekile alikuwa anamenya ndizi.
Nikamweleza yote isipokuwa moja.
Akaendelea kumenya.
"Na hilo moja?"
Nikamwambia.
Akaweka kisu chini.
"Asajile, tangu lini ukadhani niliolewa na koki?"
Kisha, bila kunitazama:
"Mimi nilipoungua na joto la ukomo, ulihamia kwenye kochi.
Mimi sitahamia."

Usiku sikulala. Koki ya uani inadondosha,
mwaka wa nane sasa; nyumba ya fundi, si unajua.
Nikahesabu kutoka tone hadi tone.
Kuna uvujaji wa kufukulia barabara usiku huo huo,
kuna na ule wa kuwekea ndoo na kuja kutazama asubuhi.
Kutofautisha hivyo viwili ndiyo kazi nzima ya ufundi,
na nimewahi kukosea, Ushirika, mwaka wa mafuriko.
Hilo nalo nililifikiria. Nililifikiria sana.

Asubuhi nikachukua penseli
nikaandika kwenye kalenda ya ukutani, mwezi wa tano,
kati ya "mbolea ya parachichi" na "ada ya Subilaga":
DAMU.
Nikapigia mstari mara mbili.
Mkono ulitetemeka, mstari wa pili ukapinda.

Tusekile akasogea, akasoma, akanyamaza.
"Na koki ya uani?"
Nikasema, nayo tunailinda.
"Hiyo," akasema, "utaikata leo."
Akanipa spana.