Vitufe vya Danguolė

Mezani kwake hakuna kipanya.
Alikitia drooni mwaka wake wa kwanza gazetini,
akisema mkono unaosafiri ndio unaochoka.

Kila kitu amekipangia vidole:
Kontroli na M, "ametutoka."
Kontroli na Shifti na U, "baada ya kuugua kwa muda mfupi."
F tisa, ambayo kwenye mashine za wengine haina kazi,
humwaga mstari mzima wa shukrani
kwa madaktari na wauguzi.

Mimi hupanga kurasa, nyuma yake, karibu na kipasha joto.
Miaka sita nimewajua marehemu wa Kaunas kwa sikio:
ta-ta. Ta. Ta-ta-ta. Kisha mwendo wa pole,
hapo anaandika jina,
maana jina halina njia ya mkato.
Ta moja tena, na mtu ameshatangazwa.

Siku moja nilikalia kiti chake,
nikabonyeza Kontroli na S nihifadhi, kama binadamu wote.
Skrini ikaniandikia: "mazishi ni Jumamosi."
Alicheka hadi chai ikamwagika.
"Mazoea yana tabu," akasema, akiipangusa kibodi.
"Kuhifadhi kwangu ni Q.
Nani hapa ana haraka ya kutoka?"

Jumanne ya Februari, theluji imegeuka tope,
nikasikia ta-ta ya kawaida,
halafu kitufe cha kufuta, kimeshikiliwa, hakiachiwi.
Halafu vidole vikaanza kwenda kwa miguu:
herufi, herufi, nafasi,
herufi.

Sikugeuka.
Tangazo lilinifikia saa tisa, refu kupita kisanduku chake:
Algimantas, fundi baiskeli, kaka yangu,
hakuugua hata siku moja.
Alipanda ngazi kubandua barafu kwenye paa la jirani
ambaye hata salamu hakuwa akimwitikia.
Ameniacha na paka na deni la seremala.

Mstari wa nne ulikuwa na kosa la tahajia. Nililiacha.
Nikapunguza tangazo la duka la viatu.

Kesho yake alifungua faili ya mipangilio, akafuta mstari wa U.
F tisa hakuigusa; madaktari hawana kosa.
Lakini mpaka leo, anayeugua kwa muda mfupi
anaandikwa herufi kwa herufi,
na ukurasa wangu huchelewa,
nami huketi tu, nikihesabu.