Themanini, Tisini na Mbili, Tisini na Tano

Pampu tatu, kibanda kimoja, jiko la samadi,
na mimi Sevjid, glavu mbili kila mkono.
Huku Dundgovi upepo haubishi hodi.
Asubuhi hii kipimajoto kimegoma kupanda:
ishirini na saba chini ya sifuri.

Luvsanjav ameingia na Planeta yake ya buluu,
pikipiki iliyomzidi umri mwanawe wa kwanza,
tandiko limeshonwa upya kwa ngozi ya mbuzi,
moshi nyuma yake mweupe, mnene, wa kujitangaza.
"Tisini na tano," amesema. "Jaza."

"Tisini na tano ya nini?"

"Leo naenda kumposea kijana.
Sitaki nifike nakohoa
mbele ya watu wenye farasi mia tatu."

Nimecheka hadi pumzi imeganda kwenye nyusi.
Luvsanjav, namba hii si nguvu.
Hakuna farasi wa ziada waliofichwa humo.
Namba ni subira:
petroli itavumilia kubanwa kiasi gani
juu ya pistoni, gizani, katika joto,
bila kuwaka kabla cheche haijaamuru.
Injini yako haibani. Inakumbatia tu,
kama shangazi aliyevaa makoti matatu.
Ya nini kuinunulia subira isiyo na kazi?
Utakuwa umeivika kilemba cha ukoka,
na ukoka wenyewe bei hiyo!

Amekuna kofia.
"Mbona Tumurbat anatia tisini na tano?"

Ya Tumurbat ni ya Kijapani, inabana kama mdai.
Vuli iliyopita kaitia themanini, ubahili,
nikamsikia tangu kilima cha pili:
ka-ka-ka-ka,
kokoto ndani ya kopo la maziwa.
Moto ulikuwa ukijibu kabla ya kuulizwa.
Angeendelea hivyo, pistoni ingetoboka,
naye angesukuma kilomita arobaini
akiwalaani Wajapani.

Sikumwambia habari za baba yangu, Dashzeveg.
Themanini halisi, yule,
aliyemiminwa katika maisha ya tisini na tano:
zamu za usiku mgodini, wakubwa wanne, deni la benki,
chumba kimoja mjini chenye dirisha la kutazama ukuta.
Ukimgusa tu, keshalipuka.
Na sisi watoto ndio tuliokuwa silinda.
Majirani walimwita mtu mbaya,
nami nikawaitikia, miaka mingi, kwa kichwa.
Kisha mgodi ukamwacha, akarudi kwa mbuzi wake,
na sikumsikia akigonga tena.
Alikuwa akikaa mlangoni mwa hema akichambua sufu,
akinitania kuhusu pua yangu.
Labda ni uzee tu.
Labda.

Basi nimemtilia themanini.
Nimechanganya oili kwa macho, kama anavyopenda,
tumeitikisa Planeta huku na huku, mmoja kila upande,
kama watu wanaomwamsha mlevi.
Amehesabu chenji, vidole vimekakamaa,
kisha amenirudishia noti moja.

"Lita moja ya ile ghali. Juu yake."

"Nimekueleza nini saa hizi, wewe?"

"Umenieleza. Pikipiki haihitaji.
Lakini nitakapokuwa mlangoni kwa watu,
nimeshika skafu ya hariri, ulimi umekauka,
mimi nitahitaji kujua kwamba imo."

Sikuwa na jibu la hilo.
Nimetia lita moja, si tone zaidi,
nayo imezama ndani ya themanini bila kuaga.

Teke la kwanza, kimya. La pili, kimya.
La tatu, Planeta imekubali.
Nimesimama nje, kofia nimeivua sikio moja,
nikifuata mlio wake uwandani
hadi kilima cha kwanza,
hadi cha pili,
sikio likiniuma kwa baridi,
nikitafuta kokoto.