Ndege ya Saruji

Ndege ile juu ya paa la Bachittar Singh
nimeijenga mimi, kwa mikono hii.
Saruji mifuko mia na arobaini,
nondo za milimita kumi na mbili,
madirisha ishirini na sita kila ubavu.
Niliyahesabu kwenye picha aliyonitumia kutoka Kanada,
maana ndege mimi naijua kwa tumbo lake tu,
inapopita juu ya ngano.

Alinipigia saa nane za usiku, kwake mchana,
malori yakinguruma nyuma ya sauti yake:
"Fundi, mkia uonekane toka barabara kuu.
Sukhchain kaweka mpira wa miguu. Mpira!
Mimi nataka watu wainue shingo."
Nikaongeza futi sita za mkia.

Msinitolee hadithi za mkakasi.
Ndani hamna kipande cha mti, mna maji,
lita elfu nne, za bafu saba
zenye mabomba ya rangi ya dhahabu
ambayo hadi leo yamevaa nailoni zake za dukani.

Anaishi humo mtu mmoja.
Mama yake, Gurnam Kaur, themanini na ushei,
magoti yamegoma.
Ngazi za marumaru zinateleza, hazipandi.
Kitanda chake cha kamba kiko jikoni,
karibu na pampu ya mkono aliyoizoea.
Maji ya kule juu, husema,
yana ladha ya safari.

Msimu wa arusi mwenyewe alikuja, siku kumi na tisa,
koti la ngozi katika jua la Punjab.
Akasimama barabarani akiipiga picha,
akijipiga picha,
mgongo umepinda upande mmoja
kama usukani bado uko mikononi.
Akanimalizia deni langu, noti juu ya noti,
kisha akahesabu kwa vidole,
si rupia. Maili.
"Winnipeg, kwenda na kurudi, mara tano," akasema.
"Mbili zilikuwa za barafu."
Akanyamaza.
"Lakini inaonekana, sivyo?"
Nikamwambia: hata asiyetaka kuiona anaiona.
Akacheka mpaka akakohoa.

Juzi kanipigia mtoto wa Kulbir,
yuko Italia, anakamua ng'ombe wa watu.
Anataka ndege ya ghorofa mbili.
Nyumba yao ina vyumba viwili.
Nikamwambia kuta hazitabeba.
Akasema, "Basi zijengwe kuta."

Kwangu darini kuna pipa la plastiki, jeusi,
lenye ufa nilioziba kwa lami.
Jumapili nimelipaka rangi nyeupe.
Mke wangu akauliza kulikoni.
Nikasema: joto. Jeusi linachemsha maji.

Akalitazama kwa muda, akarudi kwenye unga wake.
Mstari wa bluu ubavuni
hakuuliza,
nami sikuueleza.