Kuezeka Paa la Kuvuja

Mimi Chivatsi, fundi wa makuti. Toka Makupa hadi Shanzu
hajalala mtu chini ya kazi yangu akaamka shuka limelowa.
Basi fikirieni siku Bi Simha
aliponiita uani kwake Tudor, nyuma ya tangi la maji,
akasema: "Nataka kibanda. Paa lake lionyeshe nyota."

Nikamwambia, Bibi, nyota huonyeshwa na makuti ya mvivu.
"Kivuli kizidi jua," akasema, "lakini nyota zipenye.
Wala usishone. Makuti mabichi, yalale tu.
Siku ya nane, njoo ubomoe."

Kubomoa!
Mkono huu, uliofunzwa na marehemu baba
kubana kuti juu ya kuti kama magamba ya samaki.

Nilifanya. Nililipwa. Sikumwambia mtu.

Mwaka wa pili, tarehe ileile,
nikafika na mkokoteni wa makuti kutoka Kisauni.
Akafungua, mikono imejaa unga. "Bado, fundi.
Mwaka huu sikukuu imechelewa. Siku kumi na tisa."
Imechelewa? Kwani sikukuu hupanda basi?
Makuti yakanikaukia mlangoni pake.

Akanikalisha jikoni, akatoa karatasi
yenye tarehe za aina mbili, za kwao na za benki.
Krismasi yangu mimi imepigiliwa msumari.
Idi ya jirani yake Mwanaisha hurudi siku kumi na moja kila mwaka,
huionja kaskazi, huionja kusi, haichagui.
"Yetu hufuata mwezi pia," akasema,
"ila mwezi una haraka kuliko jua.
Tukiuacha, Pasaka yetu itaangukia kwenye baridi,
na sharti iikute shayiri imekomaa.
Kwa hiyo kila miaka miwili, mitatu,
tunaongeza mwezi mzima, wa kumi na tatu."

Nikaitazama ile karatasi kwa jicho la kazi yangu.
"Mmetia kiraka."
"Tumetia kiraka," akasema, akanimiminia chai.

Shayiri! Mombasa hii nani kaiona shambani?
Kalenda ile ina majira ya nchi nyingine.
Huko mvua huombwa siku ya nane, watu wakishakula.
Vuli ya hapa haingoji kuombwa:
ilishuka usiku wa tatu,
ikapita kwenye paa langu kama haikuliona,
ikaingia kwenye mchuzi, ikazima mishumaa.

Nikaja mbio na turubai, miaka thelathini ya ufundi
imenikaba kooni.
Nikamkuta kasimama katikati, mkate kwapani,
anacheka mpaka machozi.
"Hongera, fundi. Limevuja vizuri.
Sheria inasema mvua ikiharibu mchuzi, ingieni ndani.
Lakini niache kwanza nimalize kucheka."

Viti vilikuwa viwili. Mumewe kazikwa Nairobi.
Wanawe wako Haifa, humpigia simu amekwisha lala.
"Kile kingine cha nani?"
"Cha mgeni. Kila usiku na wake. Jana Isaka, leo Yakobo."
Majina hayo nayajua, hata Mwanaisha anayajua.
Sikujua tu kwamba huja kula.
"Yakobo kaogopa kulowa," akasema. "Kaa wewe."
Nikakaa. Mchuzi ulikuwa mwepesi,
nusu yake mbingu.

Mwaka huu geti lina kufuli.
Mlinzi anasema wanawe walimchukua mwezi wa sita,
wamempa chumba orofa ya nne, hakuna ua.
Karatasi kaondoka nayo.
Sijui kama mwaka huu una kiraka.
Mwezi ulipojaa Septemba nikajiuliza, ndio huu?
Ulipojaa Oktoba nikajiuliza tena.

Jana, juu ya paa la hoteli Shanzu,
msimamizi akaniita kutoka chini:
"Chivatsi, umesahau hapo! Naona mwanga!"
Nikamjibu, nauona.
Nikakawia kupaziba.