Mwisho wa Kumi na Nne

Murhula anachora macho, mimi naandika kinywa.
Chumba chetu kiko Essence, juu ya duka la vipuri,
na umeme wa Bukavu ukija, huja kama mgeni asiyevua viatu.
Tunatunga hadithi ya simu, ya watu wazima, ya picha na vitufe:
kuna mwanaume, anaitwa Muderhwa,
anapenda mpaka anafunga madirisha.

Msomaji anachagua. Baki. Toka. Mwulize ufunguo uko wapi.
Akibonyeza Toka, nimempangia ngazi ndefu,
mvua, matope ya mteremko, motari asiyesimama,
na mwisho wa ngazi, Muderhwa na mwavuli.
"Ulijua nitakuja," anasema.
Na watu wanapenda! Franga mia tano kwa sura,
wanalipa kwa salio, wanadai nyingine kabla hakujakucha.

Juzi Murhula alisimamisha kalamu:
"Shati lake lina rangi gani?"
Nikajibu bila kufikiri: rangi ya sukari iliyoungua,
kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi.
Akanitazama. "Nani alikishona?"

Nikainuka kupuliza makaa ambayo hayakuwa yanazimika.

Janvier alikuwa anahesabu.
Kutoka Nyawera hadi nyumbani, dakika ishirini na sita kwa mguu,
thelathini na moja kama nimebeba sambaza.
Dakika ya thelathini na mbili ilikuwa na jina la mwanaume
na alitaka nilitaje.
Siku moja alificha viatu vyangu vyote juu ya dari,
kisha akasonga bugali, akanilisha kwa mkono wake.
Alilia. Nilimfuta machozi.
Hapo ndipo pagumu kuandika, ndipo ninapolipwa zaidi.

Maana sikumwacha akiwa mkali.
Nilimwacha siku aliyoniambia, taratibu kabisa,
"Bila mimi, nani atakujua?"
nikaona sina jibu.
Nilitoka peku. Kokoto ya Kadutu iliingia kisiginoni,
daktari anasema haimo. Imo.

Sentensi ile sasa ni ya Muderhwa. Sura ya saba.
Watu wanaitumia wapenzi wao, na ua jekundu pembeni.
Mama mmoja wa Uvira, mjane, aliniandikia:
natamani mtu anitake hivyo, hata kwa wiki moja.
Niliandika jibu, nikafuta.
Ningemwambia nini? Kwamba mimi pia,
usiku, Murhula akisharudi kwao Panzi,
nafungua hadithi yangu kama asiyemjua mwandishi,
nabonyeza Baki, Baki, Baki,
na vinyweleo vya mikono vinasimama?

Ila kabla ya kila mlango kuna kitufe kidogo: Hifadhi.
Naweza kuuawa kwa mapenzi saa tatu kamili
na saa tatu na dakika moja niko sebuleni, nywele kavu.
Naweza kumzima kwa kidole gumba katikati ya kiapo.
Anayengoja ni yeye. Asiyejua nimekwenda wapi ni yeye.
Nani mwingine aliwahi kunipa hofu yenye mpini?

Hadithi ina miisho kumi na minne.
Katika kumi na mitatu, Muderhwa yumo.
Wa kumi na nne niliuandika peke yangu, sikuomba picha:
mwanamke anashuka ngazi, mvua, matope,
na chini hakuna mtu.
Hakuna mwavuli. Inanyesha tu.
Anasimama muda mrefu, hajui ashike njia ipi,
na maandishi hayamsaidii.

Kati ya wasomaji elfu nne, kumi na mmoja wamefika huko.
Wanne walilalamika: hadithi imekatika, rudisheni pesa.
Saba hawajasema kitu.

Umeme umeondoka. Simu ina asilimia tatu.
Chini, mbele ya duka la vipuri, mtu anakohoa,
labda mlinzi, labda siye.
Nanyoosha mkono gizani, nagusa komeo la kwanza,
halafu la pili, jipya, bado lina mafuta ya kiwandani,
lile nililonunua kwa malipo ya sura ya saba.