Kumbukumbu Na. 212

Tangazo nimelibandika mwenyewe,
pini nne kwenye ubao wa mninga,
saa mbili kasoro, umande wa Cheyo bado uko kwenye viatu:

Wahadhiri wasaidizi, nafasi sita.
Mtafiti wa nyuki na misitu ya miombo, mmoja.
Mhasibu. Mkutubi. Dereva daraja la pili.
Na chini kabisa, karibu na muhuri,
mtunza kumbukumbu wa masjala, nafasi moja.

Hiyo moja ndiyo kiti ninachokalia.

Miaka tisa, mkataba wa miezi mitatu mitatu,
kama mtu anayekopa sukari ya kupima kwa kijiko.
Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake.
Mimi nimeiwamba kwa vidole hivi, nikachapa:
"Awe na shahada,"
kisha nikarudi nyuma kusahihisha koma.

Bahasha zikaja.
Kwa basi la Nzega, kwa treni ya Kaliua iliyochelewa,
kwa bodaboda aliyegoma kuondoka bila risiti.
Mihayo Kasanda, uzamili, kaweka picha sita badala ya mbili,
zote kavaa tai ileile.
Nyanzala wa Sikonge anasema asali huijua kwa harufu
ni ya mti gani; cheti chake mchwa wameonja pembe.
Mmoja kaifunga barua kwa uzi wa tumbaku.
Niliunusa kwanza, ndipo nikafungua.
Sikuhitaji kuuliza ada yake ililipwa na nini.

Gonga. IMEPOKELEWA. Tarehe. Namba.
Muhuri haujui huruma wala chuki,
unajua wino, nao unakauka.

"Masjala!" Profesa huniita hivyo akipita,
"niletee jalada la yule wa jiografia."
Namletea kabla hajamaliza kukaa.
Jina langu hajawahi kulihitaji.

Siku ya mwisho, saa tisa na nusu,
korido imebaki na ndoo na tambara la Mzee Ngassa,
nikatoa yangu mkobani.
Cheti cha kidato cha nne. Cheti cha masjala.
Penye shahada nimeacha mstari mtupu,
sikuweka hata nukta.
Penye uzoefu niliandika:
najua lilipo jalada la kila aliyeajiriwa hapa,
na la kila aliyekataliwa.

Sasa nijikabidhi vipi?
Nikatoka nje na bahasha.
Nikabisha hodi.
Nikaingia, nikazunguka meza, nikakaa,
nikasema karibu, kwa sauti, Mzee Ngassa akageuka.

Kitabuni wino ni mmoja, mwandiko mmoja:
Ameleta: Mbuke Lusangija.
Amepokea: Mbuke Lusangija.
Mia mbili na kumi na mbili.

Ningeweza kuiweka juu ya rundo.
Mkono ulikwenda huko, siwezi kukataa.
Kisha nikaipachika mahali pake,
baada ya mia mbili na kumi na moja,
nikafuta wino gumbani,
nikafunga dirisha la upande wa relini.